Picha Hutangulia, Fedha Hufuata

Mwezi wa Juni mwaka 2025, makampuni mawili makubwa ya senema ya Marekani, Disney na Universal, yalifungua kesi katika mahakama ya mjini Los Angeles dhidi ya kampuni iitwayo Midjourney, ambayo mashine zake za akili mnemba humchorea mtu picha yoyote aitakayo mara tu aandikapo maneno machache. Walalamikaji walidai kwamba mashine hizo zimelishwa mali yao bila ya idhini, na ya kwamba mtu akiagiza picha ya Darth Vader, yule adui mwenye kinyago cheusi wa senema za Star Wars, huletewa Darth Vader yule yule, na kofia yake, na joho lake, na kila kilicho chake.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza habari hii yatuhusu nini sisi watu wa visiwani. Kesi ni ya matajiri kwa matajiri, na kwa upande huo hatuna haraka ya kumlilia yeyote. Walakini ndani yake mna swali ambalo halikuanza Los Angeles wala halitakwisha huko, nalo ni hili: kesho ya binadamu inapochorwa, anayeichora ni nani, anayeimiliki ni nani, na wale ambao nyumba zao, nguo zao na lugha zao zimetumika kuwa rangi ya mchoro huo wamepata nini? Aidha, tukumbuke kwamba mwezi wa Januari mwaka 2023, miaka miwili na zaidi kabla ya makampuni kulalamika, wachoraji watatu walikwisha kwenda mahakamani huko San Francisco kuishitaki Midjourney hiyo hiyo na wenziwe wawili. Mmoja wao, Karla Ortiz, ni mchoraji wa michoro ya awali ya senema. Wachoraji ndio waliouona moto mapema. Makampuni yaliamka ulipofika kwenye paa lao.

Basi na tuanze na kinyago chenyewe. Uso wa Darth Vader haukuzaliwa katika afisi ya kampuni. Ulitoka katika mkono wa Ralph McQuarrie, mtu aliyezaliwa mwaka 1929 katika mji wa Gary, jimbo la Indiana, akafanya kazi ya michoro ya kiufundi katika kiwanda cha ndege cha Boeing, kisha akaichorea televisheni ya CBS picha za kuwaeleza watazamaji safari za Apollo za kwenda mwezini. Mwaka 1975 mwongozaji kijana, George Lucas, alikuwa na mswada ambao wakubwa wa kampuni ya Twentieth Century Fox walikuwa hawajauelewa sawasawa. Alimlipa McQuarrie achore mandhari chache: mashine mbili zenye umbo la watumishi zikitangatanga jangwani, watu wawili wakipigana kwa panga za mwanga, vyombo vya vita vikishambuliana angani. Picha hizo zilipelekwa mbele ya wenye fedha, na zilisaidia sana kuwatia imani wakubali kugharimia kazi. Senema ilitoka mwezi wa Mei mwaka 1977, na dunia nzima inajua yaliyofuata.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa na kila aliyepata kukaa katika kamati ya kuidhinisha matumizi. Wakubwa wale hawakushawishiwa na maneno, kwani maneno walikwisha kuyasoma, bali na picha. Kinyago nacho kina kisa chake. Katika mswada wa wakati ule Vader alitakiwa kuruka kutoka chombo kimoja hadi kingine katika anga tupu isiyo na hewa, na McQuarrie, kwa akili ya mtu wa kiwandani, akaona kwamba mtu huyo atahitaji kifaa cha kupumulia. Akamchorea kinyago kwa ajili ya tukio hilo moja. Tukio likabadilika, kinyago kikabaki, na ile pumzi nzito ya Vader isikikayo katika senema ni tanzu ya uamuzi wa mchoraji aliyekuwa akitatua tatizo dogo la siku moja. Kwa haki ya wengine, tuseme pia kwamba John Mollo alilibuni lile vazi na Brian Muir akaufinyanga ule uso. Senema ni kazi ya mikono mingi. Lakini mikono hiyo ilikuwa ikifuata karatasi iliyokwisha kuchorwa.

Fundi wa jahazi wa kwetu huunda chombo kizima kwa jicho lake na kwa kipimo alichorithi kwa wazee wake, bila ya ramani. Aweza kufanya hivyo kwa sababu yeye ndiye akili na ndiye mkono, na wasaidizi wake wako mbele ya macho yake. Senema ya namna hii hufanywa na mamia ya watu: maseremala, washonaji, wataalamu wa taa, wahasibu, mafundi wa kompyuta, wengine wakiwa katika nchi mbalimbali na hawajawahi kuonana. Watu hao hawawezi kuingia kichwani mwa mwongozaji. Mchoro wa awali ndio unaowaunganisha, nao ukishabandikwa ukutani huwa ni amri. Seremala hupima kwa huo, mhasibu hukadiria gharama kwa huo. Ndiyo maana kosa la mchoraji, au mazoea yake, au alichokipenda alipokuwa mtoto, hugeuka kuwa mbao na chuma na hatimaye kumbukumbu ya mamilioni ya watu.

Na wachoraji, kama mafundi wote, hukopa. Yule mtumishi wa dhahabu aitwaye C-3PO alichorwa na McQuarrie kwa kumtazama mwanamke wa chuma wa senema ya Kijerumani iitwayo Metropolis, iliyoongozwa na Fritz Lang na kuonyeshwa mwaka 1927. Umri wa nusu karne ukafutika kwa kalamu. Metropolis hiyo hiyo, pamoja na minara yake na njia zake zilizoning'inia angani, ilikuja tena kuonekana mwaka 1982 katika Blade Runner, ambayo mji wake wa mvua, moshi na matangazo ya taa ulichorwa na Syd Mead, aliyekuwa mchoraji wa magari katika kampuni ya Ford. Tangu hapo kila mwenye kutaka kuonyesha mji wa kesho uliooza huleta mvua ile ile na taa zile zile, hata katika nchi zisizo na mvua.

Hata mchoro uliokataliwa haufi. McQuarrie alimchorea Lucas sura moja ya mapema ya Chewbacca, ikaachwa. Mwaka 2014 ikatolewa kabatini ikawa mhusika mwingine kabisa, Zeb, katika mfululizo wa katuni uitwao Star Wars Rebels. Ngome ya Vader aliyoichora kwa ajili ya senema ya mwaka 1980, nayo ikawekwa kando, ilisimamishwa mwaka 2016 katika Rogue One, miaka minne baada ya mchoraji mwenyewe kufariki. Na kati ya mwaka 1976 na 1977 yeye na Ken Adam walikichora chombo chenye umbo la pembetatu kwa ajili ya senema ya Star Trek ambayo haikutengenezwa. Umbo hilo likafufuliwa mwaka 2017 katika Star Trek: Discovery. Mtu mmoja, basi, amevichorea vijiji viwili vinavyogombana. Hata tatu, maana ndiye pia aliyechora kwa ajili ya Battlestar Galactica ya mwaka 1978, na kampuni ya Fox ikaishitaki Universal kwa madai ya kuigwa. Ni Universal hiyo hiyo ambayo leo imeketi upande wa walalamikaji.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa senema ambayo haikuwahi kuwapo. Katikati ya miaka ya sabini, Alejandro Jodorowsky, mzaliwa wa Chile, alikusanya watu mjini Paris ili kuitengeneza hadithi ya Dune ya Frank Herbert. Alimchukua Mfaransa Jean Giraud, ajulikanaye kwa jina la Moebius, Mwingereza Chris Foss, Mswisi H. R. Giger na Mmarekani Dan O'Bannon. Moebius alichora maelfu ya vijipicha kueleza senema tukio kwa tukio. Vikajalidiwa kitabu kikubwa, kikapelekwa Hollywood kutafuta fedha. Fedha hazikupatikana. Kikundi kikatawanyika kama mabaharia wa chombo kilichopasuka, kila mmoja na ubao wake. O'Bannon akarudi kwao akaandika Alien. Giger akaitwa kumchora mnyama wake, na mwaka 1980 yeye na wenziwe wakapewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Foss na Moebius nao wakashiriki. Hadithi fupi ya picha ambayo O'Bannon aliiandika na Moebius akaichora wakati ule wa Paris ikawa miongoni mwa vitu vilivyowaongoza watengenezaji wa Blade Runner. Hivyo senema iliyoshindwa kupata senti moja imezaa nyingi zilizopata mamilioni. Giger mwenyewe aliishi kuona mnyama wake akiendelea kuzaa bila ya yeye: mwaka 1997 senema ya nne ya Alien ilipotoka jina lake halikuwekwa, naye akalalamika hadharani.

Msomaji aliyepita chuoni kabla ya skuli atakuwa amekwisha kung'amua kitu kingine katika Dune. Kitabu hicho cha mwaka 1965 kimejaa maneno ya Kiarabu: Mahdi, jihadi, Lisan al-Gaib, na mengineyo. Herbert aliyachota kwa kata kubwa. Denis Villeneuve alipoitengeneza senema mwaka 2021, jangwa lilibaki, majoho yalibaki, nyuso zilizofunikwa zilibaki, bali neno jihadi liliondolewa. Picha yetu inapendeza. Neno letu linaogopesha.

Hapo ndipo tunapofika nyumbani, au karibu na nyumbani. Mwezi wa Machi mwaka 1976, watu wa Star Wars walianza kupiga picha nchini Tunisia. Katika kisiwa cha Djerba, kwenye mji mdogo wa bandari uitwao Ajim, majengo ya kawaida ya chokaa, yenye kuta nene na madirisha madogo kwa ajili ya jua, yalifanywa bandari ya sayari ya mbali. Kule Matmata, nyumba ambazo Waberberi walizichimba ardhini ili kukimbia joto zikawa nyumba ya mkulima wa sayari hiyo. Majoho ya watu wa kule yakavishwa mashujaa. Djerba ni kisiwa chenye historia ndefu ya Kiibadhi, yaani ndugu wa madhehebu na wale waliotoka Oman wakaweka makao Unguja. Wala mtu wa hapa akiziona kuta zile hataziona kuwa ngeni. Leo wapo watalii wafikao Djerba na Matmata si kwa ajili ya Waberberi wala kwa ajili ya misikiti, bali kutazama mahali alipoishi Luke Skywalker. Mwenye nyumba amekuwa mpangaji katika hadithi ya mgeni wake.

Na hili ndilo tunaloliona kuwa zito kuliko wizi wa moja kwa moja. Picha ikishatangaa, asili huonekana nakala. Wafaransa yaliwafika. Jean-Claude Mézières alianza kuichora hadithi ya Valérian mwaka 1967, miaka kumi kabla ya Star Wars, na wengi wameonyesha jinsi mambo mengi yanavyofanana. Luc Besson alipoitengenezea senema mwaka 2017, watazamaji kadhaa waliona kwamba inafanana na Star Wars! Aliyetangulia akaitwa mfuasi, kwa kuwa alichelewa kupata fedha. Ikiwa hayo yamempata Mfaransa mwenye matbaa na wizara ya utamaduni, sembuse mtoto wa Makunduchi au wa Wete ambaye leo ataamua kuchora mji wa kesho wenye vibaraza, baraste na milango ya nakshi? Ataambiwa ameiga.

Lugha zetu nazo zimekwisha kupanda vyombo hivyo. Mwaka 1966 Star Trek ilipoanza, afisa wa mawasiliano aliyechezwa na Nichelle Nichols aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Mwaka 1983 katika Return of the Jedi, rubani mwenye sura ya ajabu aitwaye Nien Nunb alisemeshwa Kikuyu, na Wakenya waliokuwa wakitazama waliyatambua maneno ambayo wengine waliyachukua kuwa kelele za sayari nyingine. Tulicheka, na bado twacheka. Ila tujiulize kwa nini sauti ya jirani yetu ndiyo iliyofaa kuwa sauti ya asiyekuwa mtu.

Tusije tukadhaniwa kuwa hatuoni mema. Black Panther ya mwaka 2018 ilikuwa hatua kubwa. Hannah Beachler, aliyesimamia sura ya nchi ile ya kubuni ya Wakanda, alitunga kitabu cha mwongozo cha zaidi ya kurasa 500, akaeleza mitaa, mavazi na historia, ili kila fundi afuate. Mwaka 2019 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya kazi hiyo. Mablanketi ni ya Wasotho, lugha ni Kixhosa, herufi zimechukuliwa katika Nsibidi ya Nigeria, wekundu wa walinzi wa kike unatukumbusha Wamasai. Imefanywa kwa heshima na kwa uchunguzi. Hata hivyo ni bara zima lililotiwa katika chungu kimoja na kupikwa Atlanta, na mnunuzi wa nafaka si yule aliyelima.

Nguvu ya picha iko hata pale inapokosea. Chesley Bonestell, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1888, ndiye aliyewachorea watu wa zama zake mwezi, na milima yake ilikuwa mikali kama meno ya msumeno. Ndivyo ulivyoonekana katika senema ya Destination Moon ya mwaka 1950. Wanaanga wa Apollo walipofika, kuanzia mwaka 1969, walikuta vilima vya mviringo, vilivyolainishwa na vumbi na vishindo vya vimondo kwa muda mrefu mno. Miaka ishirini na zaidi watu walikuwa wameuamini mwezi wa karatasi.

Tunawaomba viongozi na watendaji wa Serikali wausome mfano huo mara mbili. Maana mchoro wa kesho haukai katika majumba ya senema peke yake. Mwaka 2022 Saudi Arabia ilionyesha ulimwengu picha za mji uitwao The Line, wenye urefu wa kilomita 170, kimo cha mita 500 na upana wa mita 200, ukuta wa vioo unaokata jangwa. Na kati ya waliochora mipango ya mradi huo walikuwamo watu waliochorea senema za aina hii tunayoizungumza. Mwaka 2024 taarifa za magazeti zikaeleza kwamba sehemu iliyotarajiwa kukamilika hadi mwaka 2030 ilikuwa imepunguzwa kuwa kilomita 2.4 tu. Makabrasha ya namna hiyo, yenye minara ya kung'aa, bahari ya samawati na watu wasiotoka jasho, huwasilishwa maafisini katika nchi nyingi za visiwa. Mtendaji aliyewekewa kabrasha mezani ana haki, bali ana wajibu, wa kuuliza: maji ya mji huu yatoka kisima gani? Taka zake zaenda wapi? Wavuvi waliokuwa wakianika dagaa pwani hii wako wapi katika picha? Aghalabu hawamo. Wala si kwa bahati mbaya. Aliyechora hakuwaona, na karatasi ikishabandikwa ukutani, kama tulivyosema, huwa ni amri.

Sasa kuhusu mkataba. Huko Marekani kazi ya mchoraji aliyeajiriwa huwa mali ya aliyemwajiri, na ndiyo maana Disney leo yaweza kusimama mahakamani na kuuita uso aliouchora McQuarrie mali yake. Vijana wetu wanaochorea makampuni ya matangazo, kanga, michezo ya simu na katuni hutia saini karatasi za namna hiyo bila ya kuzisoma, na pengine hawatii saini yoyote, hulipwa mkononi. Kanga huuzwa na jina lake linajulikana mji mzima, mchoraji wake hajulikani hata mtaani kwake. Zanzibar tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na tunayo afisi yake. Sheria hiyo ilitungwa kabla ya mashine zinazomeza picha milioni kwa milioni, na twaona wakati umewadia wa kuitazama upya, ili mchoro wa awali, hata ule uliokataliwa, uwe na mwenyewe, na atakapofufuliwa Zeb wetu baada ya miaka arobaini pawe na jina la kulipwa.

Kazi yenyewe inawezekana. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, senema ya muda wa dakika ishirini hivi, yenye jina la Kiswahili, juu ya Afrika ya Mashariki iliyokaukiwa na maji. Kesho yake haikuwa na mvua ya Blade Runner. Ilikuwa na jasho linalokusanywa tone kwa tone ili linywewe, na hapo mtu wa kwetu ajuaye foleni ya ndoo huelewa bila ya mkalimani. Mwaka 2023 ikatoka Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni kumi za waongozaji wa Afrika, miongoni mwao Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya. Jina ni letu, mikono ni yetu, na kampuni iliyoionyesha ni Disney.

Katika bajeti zetu fungu la sanaa limezoea kwenda kwenye ngoma na matamasha, nayo yana haki yake. Tunaomba kiasi kingine kitengwe kwa ajili ya meza za kuchorea, kompyuta, na mishahara ya walimu wawili watatu wa mchoro, Unguja na Pemba. Na Afisi ya Hakimiliki ipewe mwanasheria wa kuwasomea vijana mikataba yao kabla hawajaitia saini.